Kiti cha Kushoto

Jumamosi ile Demetria aliamka vizuri tu. Alifua sare za mwanawe Blessing, akaanika, akanywa chai na vitumbua viwili, kisha akalipeleka gari gereji kwa Ismail, palepale Gongo la Mboto, jua likiwa bado halijawa kali. Hakukuwa na la ajabu. Gari lilikuwa zito, na gari zito hupelekwa kwa fundi.

Lilikuwa kigari cha silva, cha otomatiki, cha mtumba kutoka Japani. Aliachiwa na marehemu mumewe, Gozbert, aliyefariki miezi mitatu nyuma. Tangu msiba uishe, gari halivuti. Unakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa spidi unapanda kivivu kama mtu aliyeamshwa alfajiri kwenda kulima. Bajaji zinakupita. Bajaji, nyie! Na Demetria, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke anayenyamazisha darasa la watoto themanini kwa kuvua miwani tu, si mtu wa kupitwa na bajaji akaona sawa.

Ismail alikuwa ameshabadilisha oili ya giaboksi, plagi na kichujio cha hewa. Siku hiyo akamkumbusha tena mambo ya otomatiki, moja moja, kwa upole. Ukitaka ivute, zima AC. Bonyeza kitufe cha O/D hapo kwenye gia, taa ya O/D OFF iwake, gia ya juu kabisa isiingie. Kwenye mlima weka mbili. Na ukitaka kumpita mtu usidonoedonoe mafuta, kanyaga mpaka chini kwa mara moja, giaboksi yenyewe itashusha gia na gari litaruka. Demetria akamjibu kwamba yote hayo anayafanya, na kwamba haikuwa mara ya kwanza kwake kufundishwa jambo analolijua.

Mafundi wengine wakacheka. Wakasema tatizo si gari, tatizo mguu wa mama. Ismail akaingia peke yake, akalizungusha mpaka njia ya kambi ya jeshi, akarudi na vumbi nyuma. Lilikuwa linaruka. Wakacheka zaidi.

Demetria hakucheka. Akamwambia Ismail abaki kwenye usukani, yeye akapanda nyuma. Kiti cha kushoto, cha mbele, hakuwahi kukikalia tangu msiba. Wakatoka. Na gari lilelile lililokuwa likiruka sasa hivi likaanza kujivuta. Ismail akakanyaga mpaka chini. Injini ikalia, gari likatambaa.

Halafu taa ikawaka. Ile nyekundu ya mkanda, ya abiria wa mbele. Inawaka kiti kikikaliwa na mtu asiyefunga mkanda. Ikaanza kupiga kelele zake.

Ismail akanyoosha mkono wa kushoto akakibonyeza kiti. Akautoa mkono haraka. Akabonyeza kitufe cha O/D, taa ya O/D OFF ikawaka. Sekunde mbili, ikazima. Akabonyeza tena. Ikazima tena, na safari hii wote wawili walisikia kitufe kikibonyezwa.

“Sista,” Ismail akanong'ona, macho barabarani. “Hapa pana mtu.”

Demetria alimjua. Nani mwingine angekuwa?

Gozbert hakuwa mtu mbaya, na asije mtu akasema Demetria alimsema vibaya. Alikuwa mtu wa watu, msomaji wa kanisani, baba aliyeamka usiku kumpa mtoto maji. Lakini kwenye gari alikuwa mtihani. Mkewe akishika usukani, yeye hukaa kushoto anaongoza. Taratibu, mama Blessing. Kuna shimo, taratibu. Demetria akibonyeza O/D ili gari livute, Gozbert ananyoosha kidole gumba anairudisha, eti inakula mafuta. Miaka kumi na moja ya kidole gumba.

Na siku aliyofariki ilikuwa hivyohivyo. Kifua kilimbana mchana, Demetria akamkimbiza hospitali, na mgonjwa mwenyewe, jasho linamtiririka, akawa anamshika mkono. Taratibu, utaua watu. Demetria akamtii. Akaenda hamsini, akaenda arobaini, ili asimpandishe presha. Walipofika, Gozbert alikuwa ameshanyamaza kitambo, kichwa kimeegemea kioo. Wauguzi wakamkimbiza wodini, wakahangaika naye, na kwenye karatasi ikaandikwa amefia wodini. Demetria akaiacha hiyo karatasi iseme hivyo. Angemwambia nani kwamba mumewe alikufa pembeni yake huku yeye akiendesha arobaini?

Sasa hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwenye ukoo wa akina Gozbert wana desturi yao: mtu akifa mbali na kwao, dada yake huenda palepale roho ilipomtoka, anamwita kwa majina yote mara tatu, anamwambia twende nyumbani. Asipoitwa pale, anabaki pale. Genoveva, dada wa marehemu, alisafiri kutoka Bukoba usiku na mchana, akasimama wodini kando ya kitanda kile, akaita. Demetria alikuwa nyuma yake, kanga mdomoni, akijua fika kwamba kitanda sicho. Akanyamaza. Aibu, nyie, aibu ni kitu kingine.

Jumapili alipiga simu Bukoba, akamweleza wifi yake habari za gari bila kueleza habari za kiti. Genoveva akamshauri aliuze, au atafute mtu wa kuliangalia. Demetria akakataa yote mawili. Alisema gari lile ndilo linalompeleka Blessing kliniki. Mtoto ana seli mundu, siku maumivu yakimbana hangoji foleni ya bodaboda. Hatauza, na haendi kwa mganga yeyote kumwomba ruhusa ya kuendesha gari lake.

Jumanne, saa saba mchana, shule ikampigia.

Alimkuta Blessing kwenye benchi la ofisi, ana miaka tisa na ameshika kifua kama bibi kizee. Anahema juu juu. Midomo imepauka. Demetria alishaambiwa na daktari: akibanwa mgongo, kuna muda; akibanwa kifua, usimalize hata kufunga mlango. Faili la mtoto, daktari wake, damu yake, vyote viko hospitali ya Mwananyamala. Akamlaza kiti cha nyuma. Akazima AC. Akabonyeza O/D. Akakanyaga.

Gari likaanza kujivuta.

Barabara ya Pugu, jua la utosi, magari yanampita kushoto na kulia. Hamsini. Taa ya mkanda ikawaka. Demetria hakuiangalia. Akabonyeza O/D, taa yake ikawaka, ikazima. Akabonyeza, ikazima. Akaacha kidole chake juu ya kitufe, hatoi. Akahisi baridi ikitua taratibu juu ya kidole kile, kwa uzito, kama gumba la mtu.

Akasema polepole, meno yamekutana, “Ondoa mkono.”

Uwanja wa ndege ukapita. Arobaini na tano. Nyuma mtoto akakohoa.

“Mama.”

“Tunafika, mwanangu. Usiongee.”

“Mama, baba anasema taratibu.”

Demetria aliogopa. Tusimpambe, aliogopa mpaka mguu ukataka wenyewe kutoka kwenye mafuta. Miaka kumi na moja mguu ule ulizoea kutoka ukisikia neno hilo. Ila alipotupa jicho kwenye kioo akauona uso wa mwanawe, macho yamegeuka meupe nusu, kucha za rangi ya majivu. Na hofu ikageuka hasira, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo Gozbert akiwa hai.

Wakafika Tazara. Gari likaanza kupanda daraja la juu. Akaweka mbili. Akakanyaga mpaka chini, mguu umenyooka kabisa. Arobaini. Thelathini. Injini inalia kama inachinjwa. Ishirini. Lori nyuma linapiga honi halikomi. Kumi.

Akasimamisha gari.

Katikati ya daraja, mchana kweupe, Demetria akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono, akashuka. Watu wakamtukana kutoka madirishani. Hakuwasikia. Akazunguka mbele ya gari mpaka upande wa kushoto, akafungua mlango.

Kiti kilikuwa kitupu. Ila sponji lilikuwa limedidimia, chini na mgongoni, na mkanda ulikuwa umevutwa nusu, umeshikiliwa hewani.

Yeye si dada wa marehemu. Hana haki ya kuita. Akaita, mara tatu, majina yote, la ubatizo na la nyumbani. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa pale ambapo uso ungekuwa.

“Nilikusikiliza ukafia mikononi mwangu,” akasema, sauti ya chini. “Huyu hafi. Kuona barabara unaona, kuongea unaongea, basi na mikono unayo. Shuka, Gozbert. Shuka usukume.”

Lori liliacha kupiga honi. Kisha mkanda ukarudi wenyewe kwenye sehemu yake, polepole. Sponji likainuka, kwanza la mgongoni, halafu la chini. Kitu cha baridi kikampita Demetria begani, kikielekea nyuma ya gari.

Akafunga mlango. Akarudi kwenye usukani. Akabonyeza O/D. Taa ikawaka, ikabaki imewaka. Akaweka mbili. Akakanyaga mara moja, mpaka chini.

Gari likaruka. Mgongo wake uligonga kiti. Walimaliza daraja kabla lori halijaingiza gia, na kuanzia pale Demetria hakumbuki vizuri. Anakumbuka honi yake mwenyewe, anakumbuka mshale ukiwa mahali ambapo hakuwahi kuuona. Anakumbuka pia kwamba kwenye foleni ya Magomeni aliachia mafuta kabisa, na gari likaendelea kwenda.

Hospitali walimpokea Blessing kwa machela. Oksijeni, damu, daktari wake. Saa tisa na nusu daktari akatoka akasema mtoto anahema vizuri, na kwamba mngechelewa robo saa tungekuwa tunaongea mengine. Demetria akakaa sakafuni palepale koridoni, akalia bila kujificha.

Alipomaliza kulia, akampigia Genoveva. Akamwambia yote: kiti, arobaini, karatasi, kanga mdomoni. Alitegemea kutukanwa na alikuwa tayari kutukanwa.

“Basi yule aliyenifuata kutoka wodini,” Genoveva akanong'ona, “ni nani?”

Mlinzi akaja kumwomba Demetria asogeze gari, limeziba njia ya gari la wagonjwa. Akatoka nje. Pale, juu ya buti la silva, palikuwa na alama za viganja viwili, vidole vimeelekea juu, vimekandamizwa mpaka bati limebonyea kidogo. Vya udongo mwekundu. Udongo ule haupo Dar. Upo Bukoba, kule walikomzika. Demetria akagusa kimoja, bado kilikuwa kibichi.

Mlinzi akamwambia arudi nyuma tu, akasimama pembeni kumwelekeza. Demetria akaingia, akaweka rivasi. Vile vidude vya kwenye bampa la nyuma, vinavyolia kukiwa na kitu karibu, vikaanza kulia palepale, mfululizo, mlio mmoja usiokatika. Akaangalia kioo. Hakuna kitu, kivuli cha ukuta tu.

“Rudi, mama,” mlinzi akasema. “Nyuma hakuna mtu.”

Demetria akaushika usukani kwa mikono miwili. Hakugeuka.

“Sogea, baba Blessing,” akasema. “Nikikugonga, shauri yako.”

Mlio ukaanza kukatikakatika. Ukawa wa vipindi, kama mtu anayerudi kinyumenyume hatua moja moja, hana haraka. Ukafika mbali. Ukanyamaza.

Demetria akarudi nyuma, akapaki ukutani, akazima gari, akaenda kukaa na mwanawe.