Nani Kaweka Mafuta?

Huko Lushoto, milimani, ukungu huingia hadi jikoni. Huko ndiko alikoishi Zaina.

Aliishi na Baba, fundi seremala. Aliishi na Bibi, mama yake Baba. Mama alikuwa masomoni Tanga, akirudi nyumbani kila chuo kinapofungwa.

Zaina alikuwa mdogo. Mikono midogo, miguu midogo, masikio madogo.

Lakini pua yake! Pua ya Zaina ilijua kila kitu.

Akitoka shule, kabla hajafika mlangoni, pua ilikwishajua. Leo mchicha! Leo bamia! Leo kabichi ya kukaanga!

Maana Bibi alipika kwa mafuta. Mafuta mengi, ya moto, yanayoimba.

Chwaaa! Chwaaa!

Siku moja Zaina alikuwa anarudi kutoka shule. Akasimama njiani, akanusa.

Fnu, fnu, fnu.

Hakuna harufu. Hata kidogo.

Akatega sikio. Hakuna chwaaa. Jikoni kimya.

"Hm! Hapa pana jambo," akasema Zaina.
"Pua yangu haidanganyiki."

Akamkuta Bibi barazani, amekaa. Bibi, amekaa! Wakati wa kupika!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mbona hupiki?"

"Napumzika kidogo," akasema Bibi. Akaangalia pembeni.

Zaina akachungulia jikoni. Ni nani yule, kajifunga kanga ya Bibi kiunoni?

Baba!

Baba, mwenye vumbi la mbao kichwani. Baba, ameshika mwiko kama ameshika nyundo.

"Baba, unapika?"

"Napika."

"Unapika nini?"

"Chakula," akajibu Baba harakaharaka.

Sufuria ilikuwa imefunikwa. Haikuimba. Ilinong'ona tu.

Tobo, tobo, tobo.

Zaina akaangalia kando ya jiko, mahali pa dumu la mafuta. Dumu halipo!

Akatafuta chini ya meza. Halipo. Akatafuta nyuma ya gunia la mkaa. Halipo.

Akainua macho. Lo! Dumu lile kule, juu ya kabati, juu kabisa, kwenye kona ya giza.

Nani kalificha? Na kwa nini?

"Hm! Hapa pana jambo," akasema Zaina.
"Pua yangu haidanganyiki."

Jioni wakakaa mkekani kula. Baba akafunua sufuria.

Kabichi. Kabichi ya kuchemsha. Nyeupe, imelegea, inaelea kwenye maji.

Bibi akaiangalia. Akaigeuza kwa kidole.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Baba, "hii kabichi inaumwa?"

Zaina akacheka. Baba hakucheka.

"Kula, Mama," akasema Baba. "Kula kidogo tu."

Bibi akamega ugali. Akachovya, akatafuna, akasukuma sahani.

"Nimeshiba," akasema.

Zaina akamtazama. Tumbo la Bibi lilikuwa linanguruma.

Gruuu.

Kesho yake Baba akachemsha karoti. Bibi akasema, "Nimeshiba."

Keshokutwa yake Baba akachemsha mchicha. Bibi akasema, "Nimeshiba."

Bibi akaanza kuchoka. Alipokwenda uani kuanua nguo, alitembea ameshika ukuta.

Mchana mmoja Zaina alikuwa anacheza chini ya dirisha. Akasikia sauti ndani. Sauti za chini, za siri.

"Daktari kasema, Mama..."

"Najua alichosema."

"Moyo wako, Mama..."

"Shhh! Zaina asisikie."

Lakini Zaina alikwishasikia.

Akajikunja chini ya dirisha kama jongoo aliyeguswa.

"Hapa pana jambo," akanong'ona. Safari hii hakuitaja pua.

Ikafika siku ambayo hakuna shule. Baba alikuwa nje, anakata mbao.

Kere-kere! Kere-kere!

Bibi alikuwa ndani. Alisema anakwenda kulala.

Mara, jikoni, kukasikika kitu. Kwiii! Stuli inaburutwa.

Zaina akanyata. Nya, nya, nya. Akajibanza nyuma ya mlango. Akachungulia kwa jicho moja.

Ni nani yule, kasimama juu ya stuli? Ni nani yule, ananyoosha mkono juu ya kabati?

Ni Bibi!

"BIBI!"

"Yallah! Umenishtua!"

Stuli ikayumba. Tiki, tiki, tiki!

Zaina akakimbia, akaikumbatia stuli kwa nguvu zake zote.

"Shuka, Bibi. Shuka polepole."

Bibi akashuka. Akaketi sakafuni, akashika kifua. Akahema. He, he, he.

"Nilitaka kijiko kimoja tu," akasema. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Bibi, nani kaficha mafuta?"

"Baba yako."

"Kwa nini?"

Bibi akamvuta Zaina, akamkalisha mapajani.

"Moyo wangu umechoka, Zaina. Daktari kasema nimekula mafuta mengi mno. Sasa nile mboga kwa wingi na mafuta kidogo sana, moyo upate nafuu."

"Na usipokula?"

"Nitakosa nguvu," akasema Bibi kwa sauti ndogo.

Zaina akafikiri.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani utaogopa."

"Nimeogopa zaidi kwa sababu sikujua," akasema Zaina. Machozi yakamdondoka. Tip. Tip.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaja, akakaa nao palepale sakafuni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ilinipasa nikuambie mapema."

Zaina akapangusa pua kwa kiganja.

"Na chakula chako, Baba, hakinukii."

Baba akakuna kichwa. Vumbi la mbao likaanguka.

"Nimekatazwa kukaanga, nikachemsha. Mimi najua meza na viti. Mapishi mengine siyajui."

"Hakuna mapishi mengine," akasema Bibi. "Mboga bila mafuta ni majani tu. Hata mbuzi angelalamika."

Zaina akainuka. Akaenda kwenye kapu la mboga, akaingiza pua ndani.

Akanusa kitunguu saumu. Fnu! Kali.

Akanusa tangawizi. Fnu! Inawasha.

Akanusa ndimu. Fnu! Mate yakamjaa mdomoni.

"Bibi, hivi havina mafuta. Mbona vinanukia?"

Bibi naye akachungulia kapu.

Zaina akatoa bilinganya. Kubwa, la zambarau, linang'aa.

"Na mahindi tunayachoma bila mafuta. Mbona ni matamu? Baba, tuchome na hili!"

Bibi akalitazama bilinganya. Akamtazama Zaina. Akamtazama Baba.

"Hm," akasema. "Mimi naenda kukaa barazani. Mkimaliza mniite. Ila siahidi kitu."

Akaenda zake, hana imani hata chembe.

Baba akawasha jiko la mkaa. Zaina akapepea. Fuu, fuu, fuu. Makaa yakawa mekundu.

Bilinganya likalala juu ya makaa. Tsss! Ganda likaanza kuwa jeusi.

"Baba, linaungua!"

"Ngoja kidogo."

"Baba, linaungua kabisa!"

Toka barazani ikaja sauti. "Ligeuzeni! Nasikia harufu ya upande mmoja!"

Baba akaligeuza upesi.

Likaungua huku, likaungua kule. Likawa jeusi kama mkaa wenyewe.

Zaina akalitazama kwa mashaka. Hiki nacho ni chakula?

Baba akaliacha lipoe, akalimenya. Ganda jeusi likatoka. Na ndani? Ndani lilikuwa laini, jeupe, linatoa mvuke.

Baba akaliponda kwa mwiko. Zaina akatwanga kitunguu saumu na chumvi kidogo. Tu, tu, tu. Wakakamua ndimu. Wakachanganya.

Fnu, fnu, fnu. Pua ya Zaina ikaanza kutabasamu.

"Sasa kabichi," akasema Baba. Akaikata nyembamba, nyembamba kabisa, kwa mkono wa fundi.

Akaweka kikaango motoni. Akatia vitunguu. Vitunguu peke yake, bila mafuta.

Ole! Vitunguu vikaanza kugandia.

"Vinashika, Baba! Vinashika!"

Sauti ya barazani ikapaa tena. "Nyunyizeni maji! Nyunyizeni, msimwage!"

Zaina akachovya kijiko kwenye maji. Akanyunyiza.

CHWAAA!

Kikaango kikaimba!

Baba na Zaina wakatazamana. Wakakoroga. Vitunguu vikikauka, wakanyunyiza tena. Chwaaa! Vikawa vya kahawia, vitamu, vinanata.

Wakatia tangawizi. Wakatia nyanya, nazo zikatoa maji yake zenyewe. Mwisho kabisa wakatia kabichi. Wakaigeuzageuza mara chache, wakaepua ingali inalia ikitafunwa. Kru, kru, kru.

Barazani, Bibi alikuwa amesimama.

Pua yake ilikuwa juu. Kidole chake kilikuwa juu. Akaingia jikoni kama askari.

"Nani kaweka mafuta?"

"Hakuna, Mama," akasema Baba.

"Nimesikia chwaaa. Mnanidanganya!"

"Ni maji uliyosema tunyunyize, Bibi," akasema Zaina.

"Maji hayaimbi hivyo!"

Bibi akainua macho. Dumu lipo palepale, juu ya kabati.

"Lishushe," akamwambia Baba.

Baba akalishusha. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, kikavu.

Bibi akakagua kikaango. Akakagua mwiko. Akapitisha kidole kwenye mwiko, akakiramba.

"Hm! Hapa pana jambo," akasema Bibi.
"Pua yangu haidanganyiki."

Wakaketi mkekani. Bibi akamega tonge dogo la ugali. Dogo kama punje ya njegere.

Akachota bilinganya. Akafumba jicho moja. Akatia mdomoni.

Zaina akashikilia pumzi. Baba naye akashikilia pumzi.

Bibi akatafuna. Akatulia. Akatafuna tena.

Kisha akamega tonge jingine. Hili halikuwa dogo.

Akala kabichi. Kru, kru, kru. Akala bilinganya. Akala kabichi tena. Hakusema neno, kazi ilikuwa nyingi.

Sahani ikawa tupu.

"Bilinganya limebaki?" akauliza Bibi.

"Limebaki kidogo," akasema Zaina. "Ni la Baba."

"Baba yako ameshiba," akasema Bibi. Akalivuta bakuli.

Baba akacheka mpaka akalala chali mkekani. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu walipotoka kwa daktari.

Kuanzia hapo wakawa wanapika watatu.

Siku nyingine walifunga samaki na nyanya kwenye jani la mgomba, wakaweka juu ya mvuke. Siku nyingine walibanika bamia kavukavu mpaka zikapasuka. Pap! Pap!

Siku nyingine Baba alizidisha pilipili. Wote wakalia, wakanywa maji, wakala ugali na ndizi.

Mafuta hayakufukuzwa. Yalirudi mara mojamoja, kijiko kidogo, na Zaina ndiye aliyepima.

Bibi akapata nguvu. Akatembea uani mikono yake ikiwa huru. Waliporudi kwa daktari, daktari akasikiliza moyo, akatabasamu kwa furaha.

Jioni ile Bibi alijilaza mapema, na Zaina akajipenyeza kando yake.

"Bibi, daktari alisikia nini?"

"Sikiliza mwenyewe."

Zaina akaweka sikio kifuani kwa Bibi. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na harufu ya sabuni na ya tangawizi.

Du-du. Du-du. Du-du.

"Unasemaje moyo wangu?" akauliza Bibi.

"Unasema kesho tupike boga."

Bibi akacheka. Kifua kikapanda na kushuka, na kichwa cha Zaina kikapanda na kushuka nacho.

Kisha kicheko kikaisha, ukabaki moyo peke yake.

Du-du. Du-du.

Zaina alitaka kuusikiliza mpaka asubuhi. Lakini usingizi ulimchukua katikati ya du na du.