Kaseti ya Makaburini

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1991, nilipiga magoti katika makaburi ya zamani ya misheni, Kisauni, nikimlilia mtu nisiyemjua.

"Mama mkwe, hodi," nilisema, nikimimina maji juu ya kaburi. "Mimi ni Dorcas, mchumba wa mwanao Katana. Nipokee."

"Dada, huyo unayemwita mama mkwe alikuwa konstebo," sauti ilijibu nyuma yangu.

Nusura niangushe dumu la maji. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na jembe mkononi, amekuja kupalilia.

"Ati nini?"

"Hapo amelala baba yangu. Alizikwa na masharubu yake. Unammwagia maji ya nini?"

Rafiki yangu Mwanatabu, aliyekuwa amenibebea redio kaseti, alicheka mpaka buibui likamwanguka mabegani.

"Wallahi Dorcas, umejiposa kwa polisi!"

Mimi sikucheka. Katika ukoo wa Katana, bibi harusi hatangazwi kanisani kabla hajamwagia maji kaburi la mama mkwe na kujitaja jina. Kesho yake mchungaji alikuwa atusomee tangazo la kwanza la ndoa. Katana alikuwa baharini, kwenye meli ya mizigo. Shangazi yake Sidi, aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa ameshatoa neno: bila kaburi, hakuna tangazo. Na kaburi lenyewe, alisema, limepotea, kwa kuwa msalaba wake uliliwa na mchwa.

Tegemeo langu lilikuwa ile kaseti. Wakati huo ndiyo kwanza nimejiunga na darasa la watu wazima. Barua zangu nilikuwa nasomewa, na maneno ya mapenzi yakitoka mdomoni mwa jirani hupoa. Kwa hiyo Katana, kabla ya kusafiri, alinirekodia sauti yake akitembea makaburini, ili niifuate mpaka kwa mama yake.

"Irudishe mwanzo," nilimwambia Mwanatabu.

"Mawe ya redio, betri zenyewe, yanakufa, mwenzangu. Hata kuyaanika juani hakukusaidia."

Aliibonyeza. Kwanza ulitoka mngurumo usioeleweka, kisha sauti ya Katana, ikivutika, nzito kama ya mzee aliyeamshwa usingizini:

"Dorcas, ingia langoni. Kushoto wamelala waliokombolewa utumwani. Mawe yao hayana majina, wapite taratibu. Mbele utaona msalaba wa chuma wa mmishonari. Hapo pinda kulia, uufuate mwarubaini. Chini yake pana kikombe cha bati, cha buluu, kimefunikwa. Ni kikombe cha mama. Mwambie jina lako."

"Wasio na majina tumewakuta kulia," nilisema, "nikadhani Katana amechanganya mikono. Na kikombe je?"

"Labda kimeibwa."

"Nani aibe kikombe cha maiti, Mwanatabu?"

Habari zilinitangulia. Nilimkuta Shangazi Sidi barazani kwake, akichambua mchicha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mke wa konstebo."

"Shangazi, nakuomba unisaidie. Ulikuwapo alipozikwa."

"Nilikuwapo nikilia. Mtu anayelia haangalii njia. Mimi sikukatai, mwanangu, mila ndiyo inayokataa. Mwambie mchungaji angoje."

"Angoje mpaka lini? Katana akija ana likizo fupi, kisha meli inamchukua tena."

"Basi apande meli. Kwani wanawake wameisha Kisauni?"

Niliondoka nisije nikamjibu vibaya. Katana alikuwa ameahidi kupiga simu jioni ile dukani kwa Faki, na sikujua nitamwambia nini. Pale dukani, Mwanatabu akiwa kando na redio, nilikaa, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi.

"Dorcas, utanitobolea sakafu," Faki alisema. "Kaa basi."

"Nikikaa nitalia."

"Basi tembea, mama. Lakini hebu lete hiyo redio."

Alitoa mawe mapya rafuni, akayatia, akabonyeza. Mngurumo ule ukawa mashine ya kusaga mahindi, wazi kabisa. Juu yake kikaja kicheko cha mwanamke, kikakatwa na kikohozi.

"Mwambie aanzie upande wa mashine, Katana, asije akapotea!"

Mwanatabu alinishika mkono. "Hiyo si sauti ya..."

"Ndiyo. Ni yake."

"Lango la upande wa mashine lilizibwa walipojenga ukuta, Katana akiwa ameshasafiri," Faki alisema. "Siku hizi watu wote huingilia upande wa pili."

Nilirudi kwa Shangazi Sidi karibu nikikimbia. Sikumwamkia. Niliiweka redio juu ya mkeka, nikaiacha iseme. Kicheko kikatoka, na kikohozi chake. Vidole vyake vikasimama katikati ya mchicha.

"Zima."

"Sizimi, shangazi. Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulimwonyesha Katana kaburi wewe mwenyewe. Mimi ukaniacha nikamlilie konstebo!"

Aliusukuma mchicha kando.

"Siku ile nilicheka kwa furaha," alisema. "Kisha akanieleza utakayosema pale. 'Mama, nipokee.' Dorcas, aliyekesha na surua yake ni mimi. Nilimtafunia chakula kwa mdomo huu. Ukishampata mama makaburini, mimi niliye hai nitakuwa nani? Shangazi. Wa kupewa leso siku ya harusi na kuwekwa nyuma."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Yote yalinitoka kichwani.

"Mbona hukusema?"

"Neno kama hilo mtu analisemaje, mwanangu?"

"Inuka twende."

"Chukua redio."

"Redio ibaki. Njia utaniambia wewe."

Mwenye mashine alituruhusu kupita uani kwake, penye ufa wa ukuta. Shangazi alitangulia. Tulipofika kwenye yale mawe, alipunguza mwendo.

"Hawa hawana majina. Wapite taratibu."

Ndipo nilipojua Katana aliyatoa wapi maneno yake.

Kikombe kilikuwapo, kimefukiwa na majani makavu. Alikifuta kwa ncha ya leso yake. Nilimimina maji.

"Mama, mimi ni Dorcas. Nipokee."

Kisha nikageuka, na maji yaliyobaki nikayamimina viganjani mwa Sidi.

"Na wewe, mama. Mimi ni Dorcas. Nipokee."

"Wewe mtoto, wewe!" alisema, akajifuta uso kwa maji yaleyale.

Simu ililia tulipokuwa tukiingia dukani.

"Dorcas? Umefika kwa mama?"

"Nimefika. Kwa wote wawili."

"Wawili?"

"Haya, sema na mama yako."

Nilimpa Sidi mkono wa simu. Alicheka, kikohozi kikamkata, na nikamsikia Katana huko aliko akicheka pia.

Kesho yake kanisani, mchungaji aliuliza nani anasimama badala ya mama wa bwana harusi.

"Si badala," Sidi alisema, ameshasimama. "Mama yake ni mimi."

Siku ya harusi yetu alikaa mbele.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, simulizi hii usiifungie ndani. Mpelekee aliyelea mtoto asiyemzaa. Na kama hajui kusoma, msomee kwa sauti, taratibu.