Picha ya Mama Juvenali

"We dada! Huo mgongo unaoupiga picha una mwenyewe!"

Nusura Kwandu aangushe kamera. Alikuwa amepiga goti kwenye vumbi la Nyakanazi, njia panda yenyewe, mabasi ya Kahama na Bukoba yakipigiana honi mbele na nyuma yake, wauza mahindi wakikimbilia madirisha. Yeye habari hana. Jicho lake lilikuwa limeganda kwa kijana aliyekuwa akipandisha mikungu ya ndizi kwenye Fuso, fulana ya bluu imelowa jasho, mgongo umekaa sawasawa. Mimi simlaumu. Mgongo ule hata kipofu angeuliza ni wa nani.

"Samahani kaka," Kwandu alisema akijifuta vumbi kwenye suruali ya jinzi. "Nilikuwa napiga ndizi."

"Ndizi ziko juu ya gari. Mimi niko chini."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Kwandu naye hakuwa binti wa kuinamisha kichwa. "Basi naifuta."

"Nani kasema ufute? Nimesema una mwenyewe, na mwenyewe anataka kujiona!"

Wakainamia kile kioo kidogo cha kamera wote wawili, vichwa vikigusana. Kijana akanusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake zilizosukwa mabutu, akasahau kutazama picha.

Jina lake Juvenali, wa Kirushya, wilaya ya Ngara, mnunuzi wa ndizi anayezipeleka mpaka Mwanza. Jina lake yeye Kwandu, binti wa mzee Maduhu, Msukuma aliyehama Shinyanga na ng'ombe wake akaweka mji Nyakahura. Wakabadilishana namba za simu hapohapo, dereva wa Fuso akipiga honi kama amechomwa sindano.

Simu ya kwanza ililia kesho yake asubuhi.

"Haloo, watu wa ng'ombe mmeamkaje?"

"Mwangaluka, watu wa ndizi! Kwetu tumeshakunywa maziwa. Nyie mmeshamenya?"

"Tunamenya. Hivi wewe kazi yako ni kupiga migongo ya watu tu?"

Akamweleza. Miaka miwili sasa alikuwa akizunguka na kamera ile Ngara nzima, akivuka mpaka kwa kibali kwenda kwa majirani, huko ambako vita viliwahi kupita vikawamwaga watu upande huu kwa maelfu. Dunia imezoea kuwaona watu wa huko kwenye mahema, kwenye foleni, wanalia. Kwandu alitaka mengine. Alikuwa na picha ya kinyozi anayemnyoa padri huku wanabishana mpira. Alikuwa na harusi yenye msafara wa baiskeli kumi na mbili, bibi harusi kakaa ubavu, shela imefungwa fundo isiingie kwenye gurudumu.

"Kwa hiyo unawapiga watu wasio na habari yoyote," Juvenali alimtania.

"Nawapiga watu wanaoishi. Hiyo ndiyo habari."

Juvenali akasema, "Nakuja Nyakanazi Jumatano. Hata kama sina ndizi."

Jamani, mapenzi yale yalikwenda kwa mwendo wa basi la Kigoma! Mara samaki wa kukaanga pale njia panda, mara simu ya saa nzima, mara ujumbe wa "umekula, mpenzi?" Kufikia mwezi wa tatu Juvenali akasema neno ambalo kila binti analisubiri: "Mama anataka kukuona."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Juvenali hakuwa na baba, kaka wala dada. Alikuwa na mama tu, Mukeshimana, aliyevuka mto akiwa mtoto mwaka ule wa vita, akalelewa na bibi mmoja Mkatoliki wa Kirushya, akaolewa palepale. "Mama akikukubali, nimemaliza," Juvenali alimwambia. "Akikataa, Kwandu, sitakuwa na ujanja. Nakupenda, lakini siwezi kumwacha peke yake."

Kwandu alikwenda amevaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa. Alipofika uani alipiga magoti kumwamkia, kama mabinti wa Kisukuma wanavyofundishwa. Mukeshimana naye, kwa desturi ya kwao, alikuwa ameshafungua mikono na kuinama amkumbatie. Paji la Kwandu likagonga kidevu cha mama mtu, ko!

"Shikamoo mama! Jamani, nimekuumiza!"

"Marahaba mwanangu! Kwenu mnasalimia kwa pembe?"

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Alikaa kumenya ndizi bado anacheka, na Kwandu, mkono haumtulii, akapiga picha. Picha ile, loh! Kisu kimoja mkononi, macho yamefumba kwa kicheko, jua la saa nne shavuni.

"Hee! Mbona nimezeeka vizuri hivi?" mama alisema alipojiona.

"Niiweke pamoja na wenzako, mama?"

"Weka, mwanangu, weka."

Yeye alidhani albamu.

Kwandu alikuwa anaandaa maonyesho. Kuzipeleka picha kwenye ukumbi wa mjini hakutaka. Alitaka wazione wenyewe, wasafiri, wapakiaji na akina mama wa nyanya. Akazisafisha Kahama picha arobaini, kubwa kubwa, akapanga mbao sita za plaiwudi pembeni ya stendi ya Nyakanazi, Jumamosi mchana. Kila picha pini nne, na chini yake namba, ili mpita njia aweze kusema amependa ipi. Katikati kabisa aliiweka ya Mukeshimana. Namba kumi na saba.

Hakumwambia Juvenali kuwa picha ya mama yake imo. Alitaka amshtue. Juvenali naye alikuwa na lake: alimleta mama, amevaa kitenge kipya cha vipande viwili na kilemba cheupe, ili ampose Kwandu mbele yake, mbele ya umati. Watu wawili wanapendana, kila mmoja ana siri nzuri mfukoni. Mambo yakaharibika palepale.

Mukeshimana alipita ubao wa kwanza akitabasamu. Akapita wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. Mkoba ukamdondoka.

"Mama?"

"Nirudishe nyumbani."

"Mama, si wewe huyo? Umetoka vizuri..."

"Juvenali. Nirudishe nyumbani sasa hivi."

Kwandu, aliyekuwa upande wa pili akibishana na dereva aliyetaka kununua picha ya baiskeli, aliona kilemba cheupe kikipanda gari la Ngara, Juvenali nyuma yake. Akakimbia akiita. Gari likaondoka.

Simu ililia Jumapili baada ya misa. Mara hii hapakuwa na ng'ombe wala ndizi.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Juvenali, mpenzi, hata mimi sijui. Yuko salama?"

"Hali. Hasemi. Kalala anatazama ukuta. Umemwanika stendi watu wote wamtazame! Ukimbizi wake unawahusu nini wao? Ameolewa hapa, amenizaa hapa, amemzika baba hapa!"

"Wapi nimeandika mkimbizi? Nionyeshe! Nimeweka mama anayecheka!"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilimwuliza mwenyewe!" Sauti ya Kwandu ikapanda. "Au shida si yeye, ni wewe? Unamwonea aibu mama yako?"

Juvenali akasema taratibu, "Usinipigie tena," na simu ikakatwa.

Siku nne Kwandu hakugusa kamera. Maziwa yalimshinda, na nyumbani kwa mzee Maduhu binti akishindwa na maziwa, watu wanaitana. Alikuwa na hasira, kisha akalia, kisha akawa na hasira tena. Lakini kila alipofumba macho hakumwona Juvenali. Alimwona mama yake, kile kilemba cheupe kikikimbilia gari bila kugeuka nyuma. Ile haikuwa aibu. Aliwapiga watu picha za kutosha kuijua aibu. Yule mama aliogopa.

Ijumaa alfajiri akafunga kilemba, akatia kamera na ile picha kwenye begi, akapanda gari la Ngara. Hakumpigia mtu. Akikataliwa, alijisemea, nikataliwe na mwenye picha.

Alimkuta Mukeshimana uani, amekaa mkekani, mbele yake ndizi ambazo hazijamenywa. Kwandu akapiga magoti palepale mlangoni mwa ua.

"Shikamoo mama. Nimekuletea picha yako. Ukitaka uichome, nimekuja na kiberiti. Ukitaka nisirudi, sitarudi. Ila naomba uniambie nimekukosea nini, nisije nikamkosea na mwingine."

Mama akasogea, akampisha nafasi mkekani.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alianza. "Tulivuka mto tukiwa wengi. Huku nikajikuta peke yangu. Kambini wakatukusanya watoto tuliopotelewa na watu wetu, wakatupiga picha mmoja mmoja, kila mtu ameshika namba kifuani. Wakazibandika kwenye mbao. Mbao ndefu, kama zako. Mzazi akija, akiona sura ya mwanawe, anataja namba, mtoto anaitwa."

Kwandu alijiziba mdomo.

"Kila asubuhi nilikwenda kujitazama. Niliangalia kama picha yangu imeshabanduliwa. Za wenzangu zinabanduliwa, wanaondoka wameshikwa mkono. Yangu ilikaa mpaka mvua ikaifuta sura." Alivuta pumzi. "Jumamosi nikajiona niko pale tena. Na pini. Na namba. Nikasema, kumbe miaka yote hii bado sijachukuliwa."

"Mama!" Kwandu alilia waziwazi, kilemba kimemlegea. "Mama, sikujua!"

"Ungejuaje? Hata huyo niliyemzaa hajui."

Alikuwa anatazama nyuma ya Kwandu. Juvenali alikuwa amesimama pale na mkungu begani, tangu lini hakuna ajuaye. Aliutua chini taratibu, akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, kijana mzima na mabega yale, machozi yanamtoka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, ungeenda kunitafutia watu wangu?" Mama akamfuta uso kwa ncha ya khanga. "Acha kunililia, mlilie huyu. Kapanda gari alfajiri kuja kuniuliza. Wewe siku sita uko humu ndani, umenipikia uji, hujaniuliza."

Juvenali akageuka. "Kwandu, nilipayuka. Nisamehe."

"Na mimi nilisema unamwonea aibu mama. Lilikuwa neno baya."

"Lilikuwa baya kweli. Limeniuma mpaka kwenye meno."

"Na wewe hilo la 'usinipigie tena'?"

"Nilikuwa naitazama simu tangu Jumapili. Ikilia, ni mteja wa ndizi."

Kwandu akacheka katikati ya machozi, Juvenali akamshika mkono, na mama akakohoa kuwakumbusha kuwa yupo. Alikuwa ameichukua ile picha, ameinyoosha mbele ya macho.

"Hii haichomwi," alisema. "Ni nzuri. Kosa lake moja tu: niko peke yangu. Umekuja na kamera?"

"Iko kwenye begi, mama."

"Itoe."

Aliingia ndani, akatoka amevaa kile kitenge cha vipande viwili na kilemba cheupe. Akakaa kwenye kiti katikati ya ua. "Juvenali, huku kulia. Kwandu, wewe hapa kushoto."

"Sasa nani atapiga, mama?"

"Wewe si fundi?"

Kwandu akakipindua kinu kilichokuwa uani, akaiweka kamera juu yake, akabonyeza. "Inajipiga yenyewe! Sekunde kumi!" Akakimbia kushoto kwa mama. Taa nyekundu ikaanza kumetameta.

"Ngoja!" Juvenali akaruka. "Mama, ngoja, bado sijamwuliza!"

"Hujamwuliza nini?"

"Kama anakubali awe wa humu!"

"Basi muulize, kitu kinahesabu hicho!"

"Kwandu binti Maduhu, utakubali nikuoe?"

"Baba atataka ng'ombe!"

"Nitatafuta! Unakubali?"

"Rudi kwenye nafasi yako!"

"Unakubali?"

"Ndiyo! Ndiyo, nimekubali, kaa sasa!"

Kamera ikalia. Kwenye kioo Juvenali alitokea nusu amesimama nusu ameanguka, Kwandu amepanua mdomo, kilemba kimeteleza mpaka sikioni. Mama peke yake ndiye aliyetulia, ameshika mkono wa kila mmoja, anacheka.

"Imeharibika," Kwandu alisema. "Turudie."

"Usirudie. Kaisafishe hivyohivyo, kubwa, uibandike palepale Nyakanazi."

Kwandu alimtazama usoni, hakuamini. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Ila usiweke namba." Mukeshimana alirudisha macho kwenye kamera, akagusa kioo kwa kidole, uso mmoja baada ya mwingine. "Andika jina langu. Andika: Mukeshimana na watu wake."