Chembe Nyeupe za Bwana Funguo

Mlango wa soko kuu si mahali pa kutafuta mume, na mpimaji wa damu hakwenda pale kutafuta mume. Alikwenda kutafuta watu wasioumwa. Alivaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi likawa na makali, raba za kijani, na uso wa mtu aliyekwisha kukataliwa na wauza vitunguu wote.

"Kaka, unaumwa popote?" alimuuliza fundi wa kufuli, aliyekuwa akichonga funguo kibandani, shati lake la samawati likimeta vumbi la shaba.

"Hapa." Fundi akashika kifua. "Pameanza ulipotokea."

"Basi hufai. Tunataka wenye afya."

"Pamepona!"

Mpimaji akamweleza kwa sauti ya mahubiri: majibu ya damu hospitalini hulinganishwa na viwango vya kitabu kilichoandikwa mbali, kwa damu ya watu wa huko. Sasa maabara yao ilikuwa ikikusanya damu ya watu wazima wenye afya wa hapahapa, ijulikane kwao kawaida ni ipi. Fundi aliacha kutabasamu kidogo, kisha akanyoosha mkono. Daktari wa mradi alimkagua kuanzia utosini hadi unyayoni, asimkute na kasoro isipokuwa mdomo.

Mdomo huo ndio uliofanya kazi iliyobaki.

"Bibi Sindano, umekula?"

"Nimekula, Bwana Funguo."

"Umekula nini bila mimi?"

"Kwa raha zangu."

Jumapili walikaa bustanini, yeye na gauni la zambarau, fundi na koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia njiani. Fundi alimpenda kama mtu anayewahi mlango usifungwe. Mpimaji aliona ni bidii tu.

Kisha mashine ikatoa majibu. Sampuli ya fundi aliitambua, maana ndiye aliyemtoa damu. Mbele ya chembe nyeupe, wale askari wa mwili, palikuwa na mshale mwekundu ukitazama chini. Akatazama sampuli iliyofuata: mshale chini. Nyingine: chini. Ama nusu ya soko ilikuwa ikifa huku inauza vitunguu, ama kitabu kilikuwa kinawasingizia.

Mkuu wa maabara, mzee aliyetoa maneno kama anayang'oa, alimsikiliza hadi mwisho. "Kuhisi si kujua. Tukimaliza hesabu, tutasema. Kabla ya hapo usimwambie mtu, hata huyo mchumba."

"Mzee, nani kasema nina mchumba?"

"Soko zima."

Jioni simu ikalia.

"Majibu yangu vipi, mpenzi?"

"Siruhusiwi kusema. Subiri."

"Ni mabaya?"

Hapo ndipo alipokosea. Alitafuta jibu lisilo uongo wala siri, na wakati anatafuta, akanyamaza.

"Nimeelewa," fundi akasema. "Hata mchumba wangu wa kwanza alinyamaza hivyohivyo. Tulikuwa tuoane, tukaenda kupima. Wakasema chembe nyeupe ziko chini, mwili hauna ulinzi. Miaka sita nangoja kufa. Kwenu nilikuja nikidhani labda mashine yenu ina huruma."

"Nisikilize..."

"Sitaki uwe mjane hata gauni la harusi hujalivua."

Kesho yake simu haikupatikana. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kubwa, na fundi pekee wa kuifungua ndiye aliyeifunga.

Hesabu ilipokamilika, mvua zilikuwa zimeanza na kwisha. Mpimaji aliulizia soko zima hadi muuza vitunguu mmoja akamwelekeza kwa shangazi yake fundi, nyuma ya reli. Akamkuta fundi barazani, amekonda, amevaa sweta zito kwenye jua kali.

"Huumwi!" alisema hata kabla ya kusalimu. "Watu wa hapa wenye afya, chembe zao ndivyo zilivyo. Zako zimo katikati kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu uzaliwe."

Fundi alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Miaka sita. Sikununua hata kitanda. Nilisema, cha nini?" Akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Na wewe ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukaniacha."

"Nilikatazwa. Tena niliogopa kukupa matumaini ya uongo."

"Ningeyapokea hata hayo."

Mpimaji akachuchumaa mbele yake. "Rudi, basi. Nitakuwa nasema mpaka unichoke."

Fundi alimtazama kwa upole uliouma kuliko hasira. "Aliyekupenda alikuwa mtu anayekufa, Bibi Sindano. Kila Jumapili aliipenda kama ya mwisho. Huyu mzima simjui. Amepewa miaka mingi, na hajawahi kuwaza hata mwezi ujao."

"Nimsubiri?"

"Siwezi kuahidi kwa niaba yake."

Ndani, shangazi aliacha kuosha vyombo ili asikie vizuri. Mpimaji akasimama, akanyoosha koti lake ambalo halikuwa na mkunjo wowote.

"Ukishamjua," akasema, "mwambie namsalimia."

"Nitamwambia."

Akashuka ngazi za baraza, akavuka reli peke yake.