Mbegu za Tendwet

Kila asubuhi, kabla ya kupeleka maziwa kwenye lori la ushirika, Chepchirchir aliinamia mkebe wake na kuukodolea macho. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa vizuri, na mtupu. Wiki kumi! Hata magugu yalikataa kuota.

Mwalimu Jerusa, wa darasa la sita hapo Kimulot, alikuwa amewapa wanafunzi matunda ya tendwet, ule mti mrefu wa msituni ambao magome yake ni dawa. Watu walikuwa wameibandua magome miti hiyo mpaka ikakauka, na chemchemi ya shule ikabaki juani, inapungua kila mwezi. Kila mwanafunzi angeotesha mche kwenye mkebe nyumbani, na miche hiyo ndiyo ingepandwa pale. Lakini ni mkebe wa mwenzao Owiti tu uliokuwa umeota.

"Si ung'oe tu mmoja kule msituni?" rafiki yake Fancy alimnong'oneza. "Chini ya miti mikubwa imejaa. Nani atajua?"

Jumamosi, akiokota kuni, Chepchirchir aling'oa mmoja, akaupanda mkebeni mwake.

Jumatatu alipoupeleka shuleni, darasa lililipuka kwa shangwe. "Wa Chepchirchir umeota!"

"Njoo mbele," Mwalimu alisema akipiga makofi. "Waeleze wenzako ulifanyaje, nao waige."

Chepchirchir alisimama mbele ya darasa. Angedanganya, wote wangeufuata uongo wake na chemchemi ingekauka. Machozi yakamlengalenga.

"Sikuuotesha, Mwalimu. Niliung'oa msituni. Mbegu zangu nilizianika darini, juu ya moshi wa jikoni, kama za mahindi. Nilitaka zisioze."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, macho yalimng'aa. "Nani mwingine alianika darini?"

Mkono mmoja ukapanda, wa pili, kisha darasa zima, isipokuwa Owiti.

"Sisi hatuna dari, Mwalimu," alisema. "Tunakaa nyumba za kampuni ya chai. Nilizipanda siku ileile."

"Kumbe!" Mwalimu nusura aruke. "Mbegu ya tendwet huangukia majani yenye unyevu na ukungu. Ikikauka, imekufa!"

Alasiri hiyo walikimbilia msituni, wakagombania matunda na tumbili, wakapanda kabla ya jua kutua. Chepchirchir aliurudisha mche wake kwa mikono yake mwenyewe. Wiki ya saba vichwa vya kijani vilichomoza, mkebe baada ya mkebe, na kelele za wanafunzi zikafika sokoni.

Mvua ziliporejea, Mwalimu alisimama nao chemchemini, amejaa matope.

"Hata mimi sikujua," aliwaambia. "Chepchirchir angetudanganya, tungeanika tena mwaka ujao. Kosa likifichwa humla mwenyewe, likisemwa hufundisha wengi. Haya binti, shika jembe. Shimo la kwanza ni lako."