Mluzi wa Pengo

Kila Jumatatu, Chiriku akitoka shule, kazi yake ilikuwa kugeuza jezi. Mama yake alikuwa dobi, na timu ya mtaa ilimletea jezi zake ndani ya gunia, zimeviringana na kujaa tope. Chiriku alizitoa moja moja, akazigeuza ndani nje ili namba zisibanduke, kisha akazitenga: jezi nyeupe beseni hili, soksi nyekundu beseni lile. Kwa jambo hilo Mama hakuwa na mchezo. Soksi zile zilichuja rangi tangu siku ziliponunuliwa, na hazikuonyesha dalili ya kuchoka.

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake, ambao haukujua likizo. Hata hivyo, akifika kwenye jezi namba kumi na moja alinyamaza kidogo. Jezi hiyo zamani ilikuwa ya kaka yake, winga wa kushoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Mshale kwa mbio zake. Sasa Mshale alikuwa na miaka kumi na tisa, na timu kubwa ya mji wa mbali ilikuwa imemnunua. Bei yake ilitangazwa redioni mpaka ikawa kama jina lake la pili. Watu hawakuuliza tena kama hajambo. Waliuliza kama yule wa mamilioni amefunga.

Hakuwa amefunga. Mechi saba zilipita bila goli wala pasi ya goli, na Jumapili iliyopita alitolewa kabla ya mapumziko huku mashabiki wakimzomea. Chiriku na Mama walimwona kwenye televisheni akitembea ameinamisha kichwa. Mama aliizima, akaenda kupiga pasi mashuka ambayo tayari alikuwa ameyapiga pasi asubuhi. Jioni Mshale alipiga simu, akasema hajambo, anakula vizuri, wasiwe na wasiwasi. Redio nayo ilisema kocha atampa mechi moja tu zaidi. Akiboronga, atashushwa kikosi cha akiba.

Kesho yake darasani, mvulana mmoja aliyeitwa Mchambuzi, kwa kuwa alijua mpira kuliko makocha wote duniani, alitangaza kwamba timu ile ilinunua miguu ikasahau kichwa. Darasa likaangua kicheko. Chiriku alisikia uso ukiwaka moto.

"Kaka yangu anaumwa goti," alisema. "Daktari amemkataza kucheza, lakini anajikaza kwa ajili ya timu."

Kicheko kikakatika. Mchambuzi mwenyewe akasema pole. Uongo ule ulimtoka Chiriku kirahisi mno, na kwa muda wa kama saa moja hivi alijiona ametenda jambo la maana.

Lakini baba yake Mchambuzi alikuwa kinyozi, na habari ikifika kwa kinyozi haitoki na urefu ule ule. Jumatatu jioni lilikuwa goti linalouma. Jumanne likawa limevunjika. Jumatano asubuhi, mteja aliyeleta mapazia alimshika Mama mkono, akampa pole kwa mwanawe anayetembelea magongo.

Chiriku aliporudi kutoka shule mchana, alimkuta Mama amekaa sakafuni mbele ya begi lililo wazi, macho yamevimba. Mama alikuwa amempigia Mshale simu mara tisa bila kupatikana. Alitaka kusafiri siku ile ile.

"Mwanangu amevunjika goti na ananificha," Mama alisema. "Nisaidie kukunja hizi nguo."

Chiriku alikunja gauni moja. Alipochukua la pili, akaliweka chini.

"Mama, Kaka haumwi goti. Mimi ndiye niliyesema hivyo shuleni. Walikuwa wanamcheka."

Mama alimtazama. Mara akashtuka, akakimbilia uani, Chiriku akimfuata. Habari ile ilikuwa imemkuta akiosha jezi, na kwa kuchanganyikiwa alikuwa amemwaga soksi kwenye beseni la jezi, kisha akamimina maji ya moto. Jezi kumi na nane za timu zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi.

"Kesho utazipeleka wewe," Mama alisema. "Na utawaeleza wewe mwenyewe ilivyokuwa."

Alhamisi Chiriku alisimama uwanjani, akiwa na gunia mbele ya wanaume wazima kumi na wanane. Alieleza yote, toka darasani mpaka beseni, akitazama viatu vyao. Golikipa aliinua jezi moja juu, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Wengine waliguna. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipotawanyika, Pengo alimfuata. Pengo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na beki wa kushoto wa timu, na kwa miaka minne alikuwa amecheza nyuma ya Mshale.

"Mimi niliamini habari ya jeraha," alisema. "Nilimwona Jumapili. Kila akipewa mpira, anageuka nyuma. Hakuwa na tabia hiyo hapa."

Chiriku alifikiri. Kwa miaka hiyo minne alikuwa amekaa kando ya mstari akilinda chupa za maji, na sauti za uwanja ule alizijua zote.

"Hapa hakuwa na haja ya kugeuka," alisema polepole. "Wewe ulikuwa unampigia mluzi."

Pengo aliacha mdomo wazi, pengo lake likionekana lote. Ni kweli. Mluzi mmoja ulimwambia Mshale njia ni nyeupe, akimbie. Miwili ilimwambia beki yuko mgongoni, arudishe mpira. Pengo alikuwa ameupiga hivyo kila siku mpaka akasahau kwamba anaupiga. Na huko ugenini, Mshale alikuwa bado anausubiri. Akageuka kuutafuta, na alipogeuka, mpira ukachukuliwa.

Walimpigia simu pale pale, na safari hii akapokea. Chiriku alianza na habari ya goti, akaomba msamaha.

"Mimi pia namdanganya Mama kila Jumapili," Mshale alisema. "Sili vizuri. Silali. Nikivaa ile jezi naona kama nimeiba."

Pengo alimweleza habari ya mluzi, kisha akamuuliza kama amewahi kuzungumza na beki wake wa sasa.

"Nitamwambia nini, kaka? Wametoa hela zote zile, halafu niseme nataka kupigiwa mluzi? Wataona wamenunua mtoto."

"Hapa uliniomba mwenyewe," Pengo alisema. "Siku yako ya pili ya mazoezi ulinifuata ukasema huwezi kutazama mpira na beki kwa wakati mmoja. Wakati ule hukuwa na bei, ndiyo maana hukuona aibu. Kamwombe."

Jumapili, Mama na Chiriku walikaa mbele ya televisheni wameshikana mikono. Mshale alinyang'anywa mpira mara mbili, na zomeazomea ikaanza. Kipindi cha pili akapewa pasi pembeni. Nyuma yake, beki wa kushoto aliweka viganja mdomoni akapaza sauti. Mshale hakugeuka. Alitoka mbio kama aliyefunguliwa kamba, akapiga krosi, na mshambuliaji akaimaliza kwa kichwa. Wote walimkimbilia mfungaji, ila Mshale alirudi nyuma kumkumbatia beki. Mama akalia tena, na safari hii hakuficha machozi.

Jumatatu Mchambuzi alisema kwa sauti kwamba goti lile limepona haraka. Darasa likamtazama Chiriku.

"Halikuumia," alisema. "Nilidanganya. Alikuwa anahitaji msaada, na alikuwa hajaomba."

Hakuna aliyecheka.

Mchana ule gunia lilifika kama kawaida. Timu ya mtaa ilikuwa imeshinda na jezi za waridi, na sasa wachezaji walikataa katakata zitiwe dawa ya kurudisha weupe. Chiriku alizigeuza ndani nje, Mama akisugua kando yake.

"Wewe ulidanganya ili umkinge kaka yako," Mama alisema. "Yeye alidanganya ili anikinge mimi. Nikabaki nimekaa sakafuni, nalilia goti zima, na ile shida ya kweli siijui. Ukiwa na shida, mwanangu, itaje kama ilivyo. Nitaumia kuisikia, lakini angalau nitajua pa kushika."

"Ndiyo, Mama."

"Na soksi?"

Chiriku alizichota zote kwa mikono miwili, akazipeleka kwenye beseni lao.