Abiria wa Kiti cha Katikati

Gari lilikuwa halijamaliza hata wiki nyumbani lilipoanza kudai mkanda ambao haukuwa na mtu wa kuufunga.

Lilikuwa jipya kabisa, dogo lakini limeinuka kutoka ardhini, rangi ya majivu, na nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imefunika viti vya nyuma kwa sababu Fundi Miwani alikataza isitolewe. Fundi Miwani ndilo jina alilopewa na mtaa mzima, maana kazi yake ilikuwa kukata na kusugua vioo vya miwani kwenye duka lenye upana wa kitanda. Miaka yote ya ndoa, yeye na mkewe walikuwa watu wa kugombania mabasi. Kwa hiyo gari lilipoingia uani alilisugua asubuhi, akalisugua jioni, hata siku ambazo halikutoka.

"Baba Kidoti," mkewe alimwambia, "endelea hivyo hivyo, utalisugua mpaka tubaki na bati tupu."

Asubuhi hiyo walikuwa watatu ndani: yeye kwenye usukani, mkewe kando yake akiwahi mapokezi ya kliniki ya meno alikofanya kazi, na nyuma binti yao wa darasa la kwanza, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Hawakufika hata kwenye barabara ya lami, dashibodi ikaanza kulia. Ti, ti, ti. Kwenye skrini vilitokea viti vitatu vya nyuma. Cha Kidoti kilikuwa kijani. Cha katikati kilikuwa chekundu.

"Umeweka begi katikati?"

"Begi liko miguuni, Baba."

Fundi Miwani alisimamisha gari, akazunguka, akakipapasa kile kiti. Nailoni ilikuwa na joto.

"Jua hilo," alisema, ingawa jua lilikuwa upande wa pili. Aliuvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kelele zikakoma. "Sensa ya kiti," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyejifunza neno juzi kutoka kwa muuza magari.

Walipofika shuleni mkewe aligeuka kumsaidia mtoto kushuka. Aliuona ule mkanda. Haukuwa umelala juu ya kiti. Ulikuwa umevutika mbele na kuacha nafasi, kama unavyokaa mkanda juu ya tumbo la mtu aliyeshiba. Alitaka kumwambia mumewe, lakini mumewe alikuwa anapiga mluzi, na ilikuwa zamani sana tangu amsikie akipiga mluzi.

Baada ya hapo mambo yalikuja madogo madogo. Kioo cha nyuma kilipata ukungu kwa ndani, doa moja tu la mviringo, hata katika joto la mchana. Mafuta yaliisha upesi. Kisha ikaja harufu, ya nguo mbichi iliyosahauliwa sandukuni, na chini ya harufu hiyo kitu kama nywele zilizoungua. Walining'iniza manukato ya gari, yale ya kadibodi. Siku ya pili kadibodi ilikuwa imejikunja kama jani lililokaribia moto.

Bibi, mama mzazi wa mke, aliyekuwa akiishi nao, alipanda mara moja tu. Alikaa kando ya mlango, mjukuu wake mlango wa pili.

"Mwanangu," alimwambia binti yake baada ya muda, "mbona kumebanana sana huku nyuma?"

"Mama, si mko wawili tu?"

"Ndiyo nasema."

Alikaa hivyo njia nzima, magoti yameshikana, bega limegandamizwa mlangoni, na waliporudi alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Fundi Miwani alilipeleka kwenye gereji. Fundi wa huko, kijana mcheshi aliyekuwa akiimba huku anafanya kazi, alichomeka kompyuta yake, akasoma, akatikisa kichwa. Hakuna hitilafu. Halafu akarudi nyuma hatua chache, akaangalia magurudumu.

"Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu."

Akafungua buti. Mlikuwa na tairi la akiba, basi. Akainama kutazama springi, akainuka, akasema ngoja nikae nisikilize, akaingia nyuma na kufunga mlango. Wimbo wake ulisikika kidogo kupitia kioo, ukakatika. Alipotoka aliuacha mlango wazi, na alikuwa anajifuta shingo kwa kitambaa kile kile cha grisi, anafuta na kufuta, kama mtu aliyepumuliwa shingoni na mdomo asioujua.

"Lichukue," alisema kwa sauti ya chini.

"Lakini huo mlio, na huo uzito..."

"Kaka, gari lako halina ubovu. Lichukue."

Jioni ile mama alikuwa akimsuka Kidoti nywele sebuleni.

"Siku hizi hunisimulii mambo ya shule."

"Namsimulia yeye njiani."

"Yeye nani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari si baba yako?"

Kidoti alicheka. Kilikuwa kicheko cha kikubwa, kile anachochekewa mtoto aliyekosea jambo la wazi.

"Baba ni dereva," alisema.

Mama aliiacha ile mikono yake juu ya kichwa cha mtoto, haisuki, haiondoki. Usiku mume na mke walizungumza kwa kunong'ona jikoni, bomba la maji wakiwa wamelifungulia ili wasisikike, bila kuambiana ni nani wasiyetaka awasikie. Asubuhi Fundi Miwani alilisogeza gari mpaka pembeni mwa uwanja, akapandisha vioo vyote, akafunga milango, akalifunika turubai na kulikaza kwa kamba. Wakarudi kwenye mabasi.

Siku tatu nyumba ilitulia. Bibi alirudia kuimba akichambua mchele. Fundi Miwani hakupiga mluzi, lakini alilala.

Siku ya nne mwalimu wa Kidoti alipiga simu. Mtoto ameanguka darasani, njooni hospitali. Walimkuta kitandani, midomo imegeuka rangi ya wino, kifua kinapanda kwa shida na kushuka ghafla, kinapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyekaliwa na mwenzake. Daktari alimpima mapafu, akampima moyo, akamwekea hewa ya mtungi, akatoka nje kumwita daktari mwingine, na wote wawili wakasimama wanatazamana juu ya mtoto ambaye vipimo vyote vilisema ni mzima. Walisema apelekwe hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na halikujulikana litarudi lini. Fundi Miwani alimtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu, na kwa kuwa mtoto wao alikuwa anakufa mbele yao hapakuwa na cha kujadili. Alikimbia nyumbani, akaikata ile kamba kwa kisu cha jikoni, akalitoa turubai, akaja na gari mpaka kwenye ngazi za hospitali.

Walimlaza kiti cha nyuma. Mama hajamaliza hata kumfunika, gari halijatembea hata urefu wake, Kidoti akavuta pumzi moja ndefu, ndefu mno kwa kifua kidogo kama kile, rangi ikamrudia usoni, akajikokota mwenyewe mpaka katikati ya kiti, akaketi wima, akafunga mkanda.

"Twendeni," alisema.

"Hospitali kubwa, mwanangu," baba alimwambia. "Tunakwenda sasa hivi."

"Nimesema twendeni tu."

Wakaenda. Walizunguka mpaka taa za barabarani zikawaka, na kila Fundi Miwani alipokata kona kuelekea hospitali, pumzi nyuma yake zilianza kukwama, na kila alipoiacha ile kona zilifunguka.

Bibi ndiye aliyemleta Mama Ubani. Alikuwa mwanamke wa makamo, karani wa posta wa zamani, na alivaa bado kama karani, viatu vyeusi vya kufunga na kalamu mfukoni. Mtu asingemdhania kuwa kazi yake ni kuzungumza na majini, ila kwa harufu ya moshi iliyomganda nguoni na kumpa jina. Alifika alasiri, akawasha chetezo, akalizunguka gari akisoma taratibu, akafungua milango yote, akaingiza moshi. Moshi uliingia mlango huu ukatokea ule, kama katika nyumba isiyo na mtu. Akaketi kiti cha katikati, akafumba macho. Wote walikuwa wamejipanga ukutani wanamngojea, isipokuwa Kidoti, aliyekuwa ndani ya nyumba, dirishani.

Mama Ubani alitoka anakung'uta sketi.

"Humu hayumo."

Fundi Miwani alishika mdomo. Mkewe alianza kulia kwa furaha.

"Ameondoka," alisema mke.

"Sikusema ameondoka, mama. Nimesema humu hayumo." Alikuwa akinong'ona sasa. "Lini mlilifunga hili gari?"

"Wiki iliyopita. Tulilifunika turubai kabisa."

"Akiwa ndani au akiwa nje?"

Mume na mke walitazamana; hakuna aliyejua.

"Alikuwa amepanda gari," alisema Mama Ubani. "Mkamfungia pa kukaa. Basi amepanda chombo kingine." Na hakuangalia dirishani, na kwa kutoangalia huko wote walielewa.

Alijaribu. Alimkalisha Kidoti kwenye mkeka, akamfunika shuka jeupe, akaanza kusoma, na mwanzoni mtoto alicheka chini ya shuka, halafu akaanza kuomba kwa sauti yake mwenyewe, Mama ananivuta, Mama mwambie aache, Mama naumia, na Mama Ubani akazidi kusoma na jasho likimtiririka mpaka kwenye ile kalamu, na chini ya shuka palionekana umbo la mtoto aliyeketi, na nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, shuka lilikuwa limeinuka kufuata mabega mengine, mapana, yaliyomzunguka mtoto kama mtu anavyompakata mwanawe, na yale mabega yalipovutwa nyuma mtoto naye alivutwa, shingo ikikunjika, mpaka mama yake akamrukia Mama Ubani na kuushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Basi. Mwache. Utaniulia."

Shuka likashuka. Kidoti alikuwa amelala.

"Nikimvuta yeye, na mtoto anakuja naye," alisema Mama Ubani alipopata pumzi. "Sina namna. Anapenda kupelekwa huku na huku. Mpelekeni. Pengine atachoka atashuka."

"Akishuka atakwenda wapi?" aliuliza Fundi Miwani.

Mama Ubani alikusanya vitu vyake, akaaga vizuri, akaondoka.

Tangu hapo kila alasiri Fundi Miwani alifunga duka mapema. Waliendesha. Yeye kwenye usukani, mkewe kando, Bibi nyuma mlangoni na tasbihi mkononi kwa sababu alikataa katakata mjukuu wake akae huko peke yake, na Kidoti katikati, mgongo umenyooka, anatazama barabara kati ya vichwa vya wazazi wake. Watu waliokuwa wanarudi kazini waliwapungia mikono. Ile familia, walisema, inajua kulifurahia gari. Aliyewapungia hakuona kwamba dereva amekonda mpaka pete imemlegea kidoleni, wala kwamba mama hageuki nyuma kabisa. Jioni baba alipojaribu kumbeba mtoto aliyesinzia kumtoa garini, alishindwa kumwinua. Ilibidi angoje aamke ashuke mwenyewe.

Siku moja ilinyesha mvua kubwa. Kwenye kituo cha basi, bila mwavuli, alikuwa amesimama jirani yao wa nyumba ya pili, mke wa seremala, mimba ikiwa kubwa, viatu mkononi.

"Simama, Baba," alisema Kidoti.

"Usisimame," alinong'ona mkewe.

Fundi Miwani aliongeza mwendo. Nyuma yake pumzi zikakwama. Alivumilia nguzo moja ya umeme, akavumilia ya pili, akasikia sauti ya Bibi ikisema jina la Mungu na kucha za mtoto zikikwaruza nailoni, akakanyaga breki na kurudi nyuma mpaka kituoni.

Kidoti aliinama juu ya mapaja ya bibi yake, akafungua mlango kwa adabu. "Panda, mama mdogo. Nafasi ipo."

Bibi alishuka bila kuambiwa, akasimama mvuani, mkono juu ya mlango, akimtazama mkwewe na binti yake mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anawangojea wao waseme. Na Fundi Miwani alikuwa na maneno yote mdomoni, Usipande, mama, ngoja basi, kimbia. Alimwona mtoto wake kwenye kioo, na akakumbuka neno moja tu la Mama Ubani, atashuka, na maneno mengine yote yakamkwama. Mkewe alikuwa amefumba macho.

"Jamani, mmeniokoa," alisema jirani akiingia. Aliketi akitweta, akasogea kumkaribia Kidoti, na Bibi akazunguka kuketi mlango wa pili. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Karibu na nyumba za mtaa wao, Kidoti alipiga mwayo. Akaegemeza kichwa begani kwa jirani, akakiondoa, akakunja miguu juu ya kiti kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Mama," aliita, sauti nyembamba, yake kabisa. "Nina njaa."

Mama yake aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alinyoosha mkono akamshika goti, akalibana, machozi yakimtoka bila sauti.

Mikono yote miwili ya jirani ilikuwa juu ya tumbo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi.

"Amegeuka tumboni," alisema jirani polepole. "Sijui, mama. Amekuwa mzito ghafla."

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya seremala. Seremala mwenyewe alitoka mbio na gunia kichwani, akampokea mkewe, akamshika kiuno, na ikabidi ajipange upya kabla ya kuweza kumnyanyua avuke dimbwi. Alicheka kwa kushangaa uzito ule. Kisha akainama dirishani, maji yakimchuruzika puani, akampa Fundi Miwani mkono.

"Ahsante sana, jirani," alisema. "Mungu atakulipa."